Mstari Unaofuata Nyuma ya Bei

Kwa miaka mingi wakurugenzi wa Benki Kuu ya Uingereza waliificha akiba yao ya dhahabu kama mtu anavyobana mfuko wake katikati ya soko. Walichokihofia kilikuwa wazi: watu wakijua dhahabu inapungua, watafurika kaunta na noti zao, kila mmoja akidai chake kabla hakijaisha. Mwaka 1833 Bunge lilipitisha sheria iliyotafuta njia ya kati. Hesabu za kila wiki zingekwenda kwa Waziri wa Fedha. Umma nao ungesoma kila mwezi, katika London Gazette, wastani wa miezi 3 iliyotangulia.

Mwezi mpya ulipoingia katika hesabu, ule wa zamani zaidi ulitoka. Dhahabu ikiporomoka ghafla, wastani ulishuka taratibu, kwa kuwa bado ulibebwa na wiki nzuri zilizopita. Leo vijana wengi wanaofanya biashara ya sarafu kwenye simu huchora wastani wa aina hii, wastani unaosogea, juu ya chati ili wajue lini wanunue. Nadhani wachache wamewahi kuambiwa kwamba mojawapo ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kuchelewesha habari.

Wanatakwimu waliupa kazi nyingine. Mmoja wao, R. H. Hooker, mwaka 1901, alitaka kujua kama Waingereza huoana zaidi biashara inapochangamka. Alipiga wastani wa miaka 9 uliosogea mwaka hadi mwaka, kisha akapima kila mwaka umeachana nao kwa kiasi gani. Kwake wastani ulikuwa takataka ya kuondoa ili abaki na mawimbi anayoyatafuta.

Onyo kuhusu wastani huo lilitoka Moscow. Pale kulikuwa na taasisi ya kuchunguza mwenendo wa uchumi, iliyoongozwa na Nikolai Kondratiev, mtu aliyeamini kwamba uchumi hupanda na kushuka kwa mawimbi marefu. Mmoja wa watafiti wake, Eugen Slutsky, alijiuliza swali ambalo mtu wa kawaida angeliona la kichaa: je, mawimbi yanaweza kutoka mahali pasipo na wimbi lolote? Akachukua namba zilizotoka katika bahati nasibu ya serikali, akabakiza tarakimu ya mwisho ya kila moja, akazijumlisha 10 kwa 10, kila mara akidondosha ya kwanza na kuongeza inayofuata. Hiyo ni hesabu ileile ya wastani unaosogea, ila hakugawanya. Mchoro uliotokea ulikuwa na vilima na mabonde. Alipouweka kando ya mchoro wa mwenendo wa biashara ya Uingereza kati ya 1855 na 1877, ikafanana kama ndugu wa tumbo moja. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1927. Mwaka uliofuata Kondratiev aliondolewa kazini na taasisi ikafungwa. Mwaka 1938 alipigwa risasi.

Kwa hiyo, muda mrefu kabla wastani haujazoeleka kwa wafanyabiashara, ilikwisha kuonyeshwa kwamba unaweza kuchora mwelekeo mzuri juu ya bahati tupu.

Mmoja wa waliougeuza kuwa kanuni ya kuingia na kutoka sokoni ni Richard Donchian, mtoto wa familia ya Kiarmenia, aliyezaliwa Hartford, Connecticut, mwaka 1905. Anguko la soko la hisa la 1929 lilimtia hasara, na tangu hapo akaacha kuamini hadithi za makampuni, akaanza kuisoma bei yenyewe. Mwaka 1949 alianzisha mfuko wa kuwekeza katika mikataba ya bidhaa, na kuanzia 1960 akawa anatoa barua ya kila wiki kuhusu mwelekeo wa bei. Kanuni aliyojulikana nayo ilikuwa na mistari miwili: wastani wa siku 5 na wa siku 20. Ule mfupi ukivuka juu ya mrefu, nunua. Ukishuka chini yake, uza.

Tuseme bei imekaa shilingi 100 kwa wiki kadhaa, kisha siku moja ikaruka hadi 110. Wastani wa siku 5 unakuwa 102, wa siku 20 unakuwa 100.5. Mistari imekatana, ishara ya kununua ipo, lakini unanunua kwa 110. Zile shilingi 10 hukuzipata. Bei ikiendelea hadi 200 hutazijutia. Ikirudi 100 kesho kutwa, umenunua kileleni, na soko lisilo na mwelekeo linaweza kukufanyia hivyo mara 5 mfululizo. Donchian hakudai vinginevyo: hasara ndogo nyingi, zikilipwa na safari chache ndefu. Ni biashara ya subira, na kwa maoni yangu wengi walioazima mistari yake waliiacha subira nyuma.

Wasomi walizichunguza kanuni za aina hii baadaye. Mwaka 1992 Brock, Lakonishok na LeBaron walipitia bei za fahirisi ya hisa ya Dow Jones kuanzia 1897 hadi 1986. Waliona kwamba baada ya ishara za kununua soko lilipanda zaidi kuliko baada ya ishara za kuuza. Wapenzi wa chati walishangilia. Donchian alifariki mwaka uliofuata.

Mwaka 1999 Sullivan, Timmermann na White waliuliza swali la Slutsky kwa sura nyingine: ukijaribu kanuni nyingi vya kutosha, si lazima mojawapo itokee kuwa nzuri kwa bahati tu? Walipima karibu kanuni 8,000. Hata hivyo, ile iliyong'ara kuliko zote katika kumbukumbu za kale ilistahimili kipimo chao. Kisha wakaipeleka kwenye miaka 10 iliyofuata, 1987 hadi 1996, ambayo haikutumika kuichagua. Humo haikuonyesha faida yoyote ya kuaminika.