Oili ya Injini ya Boti na Historia ya Pampu Yake

Oili ya gari hutolewa kwa chini. Fundi hulala chini ya gari, hufungua nati ya sampu, na oili hushuka yenyewe ndani ya beseni. Kwenye boti yenye injini ya ndani, mara nyingi njia hiyo haipo. Injini hukalishwa chini kabisa, kwenye ngama, ili uzito wake uwe chini na shafti ya rafadha itoke nje bila mwinamo mkubwa. Kati ya sampu na mbao za chombo nafasi hubaki ndogo, wakati mwingine haitoshi hata mkono kupita, sembuse beseni. Kwa hiyo oili chafu hutolewa kwa juu, mara nyingi kupitia tundu la kijiti cha kupimia, na isipovutwa haitoki. Haja ya pampu inaanzia hapo.

Pampu zenyewe zina umri mkubwa kuliko injini. Ctesibius wa Alexandria, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, alitengeneza pampu ya silinda mbili zenye pistoni na valvu, na Vitruvius wa Roma akaieleza katika kitabu chake cha ujenzi na mitambo. Mwaka 1588 Agostino Ramelli alichapisha Paris kitabu cha michoro ya mitambo, zikiwemo pampu za kuzunguka. Miaka michache baadaye Johannes Kepler, anayejulikana zaidi kwa mambo ya sayari, alibuni pampu ya gia mbili zinazosagana, isiyohitaji valvu hata moja. Kwenye meli kubwa za mbao za Ulaya mabaharia walitoa maji kwa pampu za mkono na za minyororo. Katika majahazi ya pwani ya Afrika Mashariki maji ya ngama yalifuliwa kwa upo, kazi isiyokwisha katika safari ndefu. Vyombo vyote hivyo vilikusudiwa maji, kitu chepesi na cha baridi, na ngozi iliyofungwa kwenye pistoni ilitosha kuzuia yasirudi. Injini ilipoingia botini, kanuni za kuvuta kitu kiowevu zilikuwa zimekwisha kujulikana. Kilichokosekana kilikuwa sababu ya kuvuta oili.

Sababu hiyo ilichelewa, kwa kuwa injini za mwanzo hazikutunza oili. Katika mashine za mvuke, oili au mafuta ya wanyama yalidondoshwa kwenye sehemu zinazosuguana, yakafanya kazi yake, kisha yakapotea. Elijah McCoy, mhandisi mzaliwa wa Kanada ambaye wazazi wake walitoroka utumwa nchini Marekani, alipata hataza yake ya kwanza mwaka 1872 kwa kikombe kilichodondosha mafuta mashine ikiwa inaendelea na kazi. Lilikuwa jambo kubwa kwa wakati wake, lakini mafuta hayo hayakurudi. Gottlieb Daimler alipojaribu boti ya injini ya petroli kwenye mto Neckar mwaka 1886, na baadaye injini za kichwa cha moto kama zile za Bolinder wa Sweden zilipoenea kwa wavuvi, utaratibu haukubadilika sana: oili iliingia kwa matone, nyingine ikaungua na kutoka na moshi, nyingine ikachuruzika hadi ngamani. Huko ilichanganyika na maji, na pampu ya maji ikavitupa vyote baharini. Ukitaka kuwa mkweli kwa historia, pampu ya kwanza kutoa oili chafu botini ni hiyo ya maji ya ngama, na hakuna aliyeona kosa.

Mabadiliko yaliletwa na mzunguko wa oili. Mwaka 1890 Albert Pain wa kampuni ya Belliss and Morcom, Birmingham, alipata hataza ya kusukuma oili kwa nguvu hadi kwenye beringi za mashine ya mvuke, na kuirudisha chini itumike tena. Injini za petroli na za dizeli zilifuata njia hiyo. Injini ya Kelvin ya Glasgow, kwa mfano, ilibuniwa kwa ajili ya gari, ikaingizwa katika mashua mwaka 1906, ikaishia kujulikana zaidi baharini kuliko barabarani. Oili sasa ilikaa ndani ya sampu, ikazunguka mamia ya saa, ikakusanya masizi, vumbi la chuma, mafuta yasiyoungua na maji. Kwa mara ya kwanza ilikuwepo oili ya kubadilishwa.

Dizeli ndogo za mwendo wa kasi zilizidisha haja hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Gardner wa Manchester alikuwa akiuza za kwake, na mwaka 1933 Yanmar wa Japani akatoa dizeli ndogo. Masizi ya dizeli yaliganda kwenye ringi za pistoni hadi zikakwama. Katikati ya muongo huo ikatoka Marekani oili yenye dawa ya kusafisha, iliyoshika masizi yaelee badala ya kuganda kwenye chuma. Hapo oili ikawa nyeusi mapema, na weusi wake ukawa dalili kwamba inafanya kazi. Ila uchafu uliokuwa ukikwama kwenye injini sasa ulisafiri ndani ya oili yenyewe, na ilipoachwa itulie na kupoa sehemu yake ilituama chini ya sampu. Mafundi wakazoea kuvuta oili mara injini inapozimwa, ingali moto. Desturi hiyo ipo hadi leo, na ndiyo iliyoamua pampu ipi inafaa na ipi haifai.

Pampu iliyodumu kuliko zote ni bomba la sindano la shaba: silinda nyembamba, mpini wa kuvuta juu, mrija mwembamba chini. Injini kadhaa za boti za Uingereza ziliuzwa na pampu kama hiyo imefungwa kabisa ubavuni mwa injini, mrija wake ukifika sakafu ya sampu. Huo ulikuwa uamuzi bora kuliko mwingi uliofuata, kwa sababu mrija wa kudumu ulikuwa mnene na ulifika mahali sahihi. Pampu ya kubeba haina bahati hiyo: inategemea tundu la kijiti.

Hapa wembamba wa mrija huwa na uzito zaidi kuliko nguvu ya pampu. Gotthilf Hagen wa Ujerumani mwaka 1839, na daktari Mfaransa Jean Poiseuille aliyekuwa akichunguza mwendo wa damu, waligundua kila mmoja kivyake kwamba kiasi kinachopita katika mrija hutegemea kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe mara nne. Punguza kipenyo nusu, na kinachopita kinabaki sehemu moja ya 16. Unene wa oili nao huzuia, na oili ya baridi ni nzito mara nyingi kuliko ya moto. Isitoshe, pampu ya kuvuta haivuti kweli. Inaondoa hewa, na mgandamizo wa hewa ya nje ndio unaosukuma oili ipande. Evangelista Torricelli alionyesha katika miaka ya 1640 kwamba mgandamizo huo una kikomo, sawa na kimo cha maji cha mita 10 hivi. Ununue pampu ya bei kubwa kiasi gani, kikomo hicho hakiongezeki. Kinachoongeza kasi ni mrija mpana kadiri tundu linavyoruhusu, mfupi kadiri inavyowezekana, na oili ya moto.

Joto hilo lilikuwa na gharama yake kwenye raba. Raba ya asili huvimba na kulainika inapokaa ndani ya oili ya madini, kwa hiyo pampu za kiwambo na za impela laini, ambazo ni nzuri sana kwa maji, hazikufaa. Njia ilifunguka baada ya kampuni ya DuPont kugundua neoprene mwaka 1930 na Wajerumani kuzalisha raba ya nitrile katika muongo huohuo. Hata hivyo tofauti haikufutika: impela iliyotengenezwa kwa ajili ya maji ya kupozea injini bado huharibiwa na oili, hata kama kwa macho inafanana na ya oili.

Boti zilipopata betri na umeme wa volti 12, pampu ya gia ya Kepler ilirudi ikiwa na mota. Gia za chuma hazijali joto, na mota ikigeuzwa mzunguko pampu ileile hujaza oili mpya. Kwenye boti zenye injini mbili na jenereta, pampu moja hufungwa kwa mabomba yenye valvu, kila sampu ikiwa na njia yake. Kwenye boti ndogo ulienea mtungi wa ombwe: mtumiaji anasukuma mpini mara kadhaa kutoa hewa, kisha oili inaingia mtungini yenyewe. Oili haipiti kabisa ndani ya pampu, hivyo uchafu hauli kitu, na mtungi ukifungwa ndio chombo cha kuibebea. Kwa mwenye injini moja ndogo, ni vigumu kupata njia rahisi zaidi.

Faida ya mtungi uliofungwa ilipanda thamani kwa sababu ya sheria. Marekani ilipiga marufuku kumwaga mafuta kwenye maji yake ya pwani mwaka 1924. Mkataba wa kwanza wa kimataifa ulipitishwa London mwaka 1954. Na baada ya meli ya mafuta Torrey Canyon kupasuka kwenye miamba karibu na Cornwall mwaka 1967, mataifa yaliandika mkataba wa MARPOL mwaka 1973, ukarekebishwa 1978 na kuanza kutumika Oktoba 1983. Chini yake, maji ya ngama yanayotupwa baharini hayaruhusiwi kuwa na zaidi ya sehemu 15 za mafuta katika milioni, na vyombo vidogo visivyo na mtambo wa kuchuja vinatakiwa kuhifadhi oili chafu hadi ipokelewe nchi kavu.

Kwenye mashine za nyuma ya boti, zile zinazoonekana katika kila bandari ya wavuvi kuanzia Lamu hadi Mtwara, suala hili kwa muda mrefu halikuwepo. Mashine ya miharakati miwili haina sampu ya oili. Oili huchanganywa na petroli, mara nyingi lita moja kwa 50, ikaungua nayo. Mashine za miharakati minne, ambazo Honda ilianza kuziuza mwaka 1964 na sheria za moshi za Marekani za mwaka 1996 zikazisukuma mbele, zina sampu na zinahitaji oili mpya. Lakini zina pia nati ya kumwagia upande wa nje, na boti ikivutwa mchangani oili hutoka bila pampu. Pampu ya kuvuta kupitia tundu la kijiti huhitajika pale tu mashine inapobaki majini.