Filamu Moja ya 1927 Iliwafungia Mlango Mara Mbili

Ukisoma historia ya sinema popote, utaambiwa kuhusu The Jazz Singer. Ilitoka Oktoba 1927, na inasifiwa kwa sababu watu walimsikia mwigizaji akiimba na kuongea ndani ya filamu. Sawa, makofi. Lakini hebu tuiangalie filamu hiyo hiyo kutoka kiti kingine: kiti cha kiziwi Mweusi wa Marekani.

Kabla ya hapo sinema zilikuwa kimya. Mwigizaji anaongea kwa uso na mwili, kisha maneno yanakuja yameandikwa kwenye skrini. Kiziwi akinunua tiketi anaelewa hadithi sawasawa na jirani yake anayesikia. Sauti ilipoingia, yale maandishi yakaondolewa. Miaka michache tu, viziwi wakajikuta wanatazama midomo ikicheza bila kujua kinachosemwa. Na katika filamu hiyo hiyo, nyota wake Al Jolson, mzungu, anajipaka rangi nyeusi usoni ndipo aimbe. Kwa hivyo kiziwi Mweusi alipigwa mara mbili kwa tiketi moja: sauti yake hana, na sura yake imekuwa kinyago.

Sasa utadhani viziwi weupe wangemshika mkono. Wapi!

Kuanzia 1910, chama cha kitaifa cha viziwi Marekani, NAD, kilianza kurekodi filamu za lugha ya ishara. Waliogopa lugha yao itakufa, kwa sababu tangu mkutano wa Milan wa 1880 shule nyingi zilikuwa zinawalazimisha watoto viziwi kuongea kwa mdomo na kuacha mikono. Filamu maarufu zaidi ni ya George Veditz, 1913, akitetea lugha ya ishara. Ni hazina, sikatai. Lakini tazama mikono iliyo kwenye filamu hizo zote: ni ya wazungu. Na mwaka wa 1925 chama hicho kikafungia Weusi uanachama kabisa. Mlango ulifunguliwa tena 1965. Miaka 40, bana.

Mbona hili ni jambo kubwa? Kwa sababu lugha ya ishara haina maandishi yake ya kila siku kama Kiswahili. Huwezi kuchukua kitabu cha mwaka wa 1913 ukaona jinsi mtu alivyozungusha kiganja. Kamera ndiyo kalamu yake, filamu ndiyo karatasi yake. Ukimwacha mtu nje ya kamera, umemfuta kwenye maktaba ya lugha yake mwenyewe.

Na Weusi walikuwa na lugha ya kurekodiwa! Kwa miongo mingi, majimbo 17 pamoja na Washington D.C. yalitenganisha watoto viziwi Weusi na weupe shuleni. Shule za Weusi zilinyimwa pesa na vifaa, lakini kwa sababu hakuna aliyejali sana kuwalazimisha waongee kwa mdomo, mikono yao ilibaki huru. Ndani ya shule hizo ikakua Black ASL, lugha ya ishara ya Weusi: mara nyingi inatumia mikono miwili pale wengine wanapotumia mmoja, inachukua nafasi kubwa zaidi mbele ya mwili, na baadhi ya ishara zinafanywa juu kwenye paji la uso. Carolyn McCaskill, aliyekuja kuwa profesa, alihamishwa mwaka wa 1968 kutoka shule ya Weusi huko Alabama kwenda ile ya wazungu katika jimbo hilo hilo. Alifika darasani akashindwa kuwaelewa. Wote viziwi, wote Wamarekani, lakini ishara tofauti. Fikiria hiyo.

Walipopata nafasi, Weusi viziwi hawakungoja Hollywood iwaalike. Michelle Banks alianzisha kundi lake la maigizo, Onyx, mjini New York mwaka wa 1989, kwa sababu majukwaa yaliyokuwepo hayakuwa na nafasi yake. Jade Bryan alisomea filamu chuo kikuu cha New York, akaandika na kuongoza kazi zake mwenyewe, kama If You Could Hear My Own Tune. Ndiye pia aliyeanzisha hashtag ya #DeafTalent, ile iliyotumika kuuliza kwa nini wasiosikia wanachezwa na wanaosikia. CJ Jones ulimwona kwenye Baby Driver ya 2017, na huenda hujui kwamba ndiye aliyetunga lugha ya ishara ya wale watu wa bluu kwenye Avatar: The Way of Water. Lauren Ridloff akawa Makkari kwenye Eternals ya 2021, shujaa kiziwi wa kwanza katika filamu za Marvel, na akautumia umaarufu huo kudai maandishi kwenye skrini za sinema. Yaani karibu miaka 100 baada ya 1927, bado mtu anadai kile kilichokuwepo zamani.

Mwaka wa 2020 mambo mawili yalitokea. Ilitoka Signing Black in America, filamu ya kumbukumbu kuhusu Black ASL. Halafu binti mmoja, Nakia Smith, akaanza kuweka TikTok video zake akiwa na babu yake, kiziwi pia, wakionyesha ishara za kizazi hadi kizazi. Watu wakapagawa. Simu moja ikafanya kazi ambayo kamera za 1913 zilikataa kufanya.

Kuna watakaosema: lakini CODA ilishinda Oscar ya filamu bora 2022, na Troy Kotsur akashinda ya mwigizaji msaidizi, si mambo yamebadilika? Yamebadilika kiasi. Lakini mhusika mkuu wa CODA ni msichana anayesikia, na familia yake ya viziwi ni ya wazungu. Ushindi wa mmoja si lazima uwe ushindi wa wote. Historia niliyokusimulia hapa juu ndiyo ushahidi.

Na sisi Kenya je? Kwa karatasi tuko mbele. Katiba ya 2010 inaitambua Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa moja ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Sheria ya watu wenye ulemavu ya 2003 iliagiza vituo vya televisheni viweke mkalimani wa ishara au maandishi kwenye taarifa ya habari. Ndiyo maana kila jioni unaona kile kisanduku kidogo pembeni ya skrini. Ni kitu kizuri, kisiguswe. Ila jiulize: aliye ndani ya kisanduku, kwa kawaida, ni mkalimani anayesikia, akitafsiri maneno ya watu wengine wanaosikia. Tunaona ishara kila siku, lakini kiziwi mwenyewe akisimulia kisa chake, kwa mzaha wake, na kamera yake, tunamwona mara ngapi?

Kisanduku ni haki ya kupata habari. Haki ya kusimulia ni nyingine, na hiyo haikai pembeni ya skrini. Wasee wa kutengeneza video, tuanze na rahisi: weka maandishi kwenye kila video yako, acha kuwaita watu "bubu", na ukiwa na mhusika kiziwi kwenye skiti yako, mtafute kiziwi acheze. Bora zaidi, mpe kamera aamue yeye hadithi ni ipi.

Sasa nitajie kwenye maoni mtengenezaji video kiziwi mmoja wa hapa kwetu unayemfuatilia. Kama hakuna jina linalokuja, tafuta mmoja leo, umfuate.