Ramani ya Vihatarishi

Wataalamu wa mipango miji wana kazi yao ya kuchora ramani ya vihatarishi. Wapo wanaoiita ramani ya maafa, nami siliafiki jina hilo. Maafa yamekwisha kutokea: nyumba zimebomoka, watu wamezikwa. Hatari ni mvua kubwa yenyewe, kimbunga au ukame. Kihatarishi huzaliwa pale hatari inapowakuta watu na mali zao, na ukubwa wake hutegemea maandalizi yao. Mvua ikimwagika porini haimbomolei mtu nyumba. Ikipita penye vibanda vya udongo vilivyojengwa katika mkondo, huua.

Kwa hiyo ramani hii huuliza mambo matatu kwa pamoja: maji yanapita wapi, nani anaishi hapo, naye ana uwezo gani wa kuhimili.

Ramani Huria, mradi ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, ulifanya hivyo hasa. Jiji lilikuwa limeumizwa na mafuriko ya Desemba 2011. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi walipita mitaani na wenyeji, wakaingiza mitaro, vichochoro na nyumba katika OpenStreetMap, ramani iliyo wazi kwa yeyote. Wenyeji wakasema maji yalifika wapi: magotini au kiunoni. Picha ya setilaiti haina kumbukumbu ya namna hiyo.

Huku kusini mwa Tanzania tusidhani habari hii ni ya mabonde ya Dar es Salaam, kama Jangwani na Msimbazi, tu. Masasi inakua miguuni pa majabali yasiyonywa maji, na mvua huteremka kwa kasi. Newala imekaa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, ambako mchanga huyameza maji, na tangu enzi za ukoloni watu wa juu hutegemea maji yanayosukumwa kutoka mabondeni. Ramani ya Newala inayoonyesha mafuriko peke yake ni pungufu. Pampu ikisimama Septemba, wakati wa kiangazi, hicho ni kihatarishi kikubwa kuliko mvua. Basi ichorwe yote: matangi, vioski vya maji, makorongo, na kaya za wazee wasioweza kubeba ndoo mbali.

Nawasihi watendaji wa vijiji vya Chiwata na mitaa ya Masasi wawakalishe wazee na vijana, wachore mikondo ya maji kabla viwanja vipya havijapimwa. Kiwanja kikishauzwa na msingi kuchimbwa, kumhamisha mwenyewe ni fidia, kesi na machungu ya miaka.