Kompyuta ya Dola Mia na Shule za Visiwani

Mwezi Januari 2005, mjini Davos, Nicholas Negroponte alitangaza kompyuta mpakato ya dola 100 kwa watoto wa nchi maskini. Ilipoanza kuundwa kwa wingi mwishoni mwa 2007, XO ilikaribia dola 200. Kioo chake kilisomeka hata juani, na iliweza kuchajiwa kwa nishati ya jua. Kwa kisiwa kama Fundo, kisichofikika ila kwa chombo, hayo si mapambo; Pemba yenyewe ilipata umeme wa gridi kutoka Tanga, kwa waya wa chini ya bahari, mwaka 2010 tu.

Rwanda ilichukua zaidi ya 200,000. Kenya iliahidi mpakato katika uchaguzi wa 2013, ikaishia kugawa vishkwambi mwaka 2016. Siilaumu kwa kubadili kifaa. Ninachokipinga ni imani iliyoizaa XO, kwamba mtoto akipewa mashine atajifundisha mwenyewe. Peru ilinunua nyingi kuliko nchi yoyote. Utafiti uliochapishwa 2012, uliohusu shule 319, haukuona nafuu katika hesabu wala lugha. Ndiyo maana, nikishika mpango wowote wa vifaa vya shule, kwanza hutafuta fungu la mafunzo ya walimu.