Ordinatere iliyosahau mwaka



Leo siandiki juu ya mihogo. Naandika juu ya ordinatere nzee ya mezani, Pentium 4 yenye Windows XP, iliyokuwa imelala kwenye kona ya chumba cha kikundi kimoja cha wakulima hapa Baraka. Ndio ninaowasaidia tangu nimalize lisansi ya agronomia. Wengi walisema tuitupe. Lakini ndani yake mna orodha za mbegu: nani alipewa, kijiji gani, msimu A ao msimu B. Karatasi zake zilishaliwa na mvua na panya.

Siku tulipoiwasha kwa jenereta, kioo kikatuambia leo ni tarehe 1 Januari 2002. Vijana wakacheka. Mimi nilikumbuka mwaka huo ulikuwa nini kwetu. Vita ilikuwa haijaisha. Makubaliano ya Pretoria yalitiwa sahihi tarehe 17 Desemba 2002. Familia nyingi za Fizi zilikuwa Tanzania, katika kambi kama Nyarugusu, na safari za UNHCR za kurudisha watu kwa meli kutoka Kigoma mpaka Baraka zilianza 2005 tu. Kumbe orodha nyingi za mbegu nazo zimeandikwa 2002, wakati kikundi chenyewe kilikuwa hakijazaliwa!

Mbona mashini inadanganya hivi? Jibu liko katika historia yake. IBM PC ya kwanza ilitoka tarehe 12 Agosti 1981, na haikuwa na saa inayoendelea kutembea ikizimwa. Kila ukiwasha, ilikuuliza: leo tarehe ngapi? Usipojibu, ilianza kuhesabu tangu 1 Januari 1980. Mwaka 1984 IBM ikatoa modeli ya AT, yenye saa na betri ya kuilisha. Tangu pale mashini za mezani zinabeba betri hiyo. Katika nyingi inaitwa CR2032, ya volti 3, duara kama sarafu. Ikiisha, mashini inarudi kwenye tarehe ya kiwandani, na kila faili unayohifadhi inapewa mwaka wa uongo.

Nikamwita fundi mmoja, mzee wa hapa mjini. Nilikuwa na haraka ya kubadilisha betri. Akanizuia: "Mdogo wangu, kwanza toa vitu ndani ya nyumba, ndipo utengeneze paa." Tukachomoa disiki, tukaiunga na kompyuta ndogo kwa waya wa USB, tukanakili yote. Ndipo kazi ikaanza. Vumbi tulilitoa kwa brashi laini. Meno ya kadi ya kumbukumbu tukayasugua polepole kwa gomu ya shule. Kwenye bodi, kondensa mbili za aluminiamu zilikuwa zimevimba kichwa. Akazibadilisha kwa zingine za kipimo kilekile, akiangalia sana upande wa chanya na hasi. Kisanduku cha umeme hakukifungua: kinaweza kushika moto wa umeme hata baada ya kuchomolewa. Mwisho kabisa, betri mpya.

Akanionyesha pia kondensa ndogo za manjano kwenye bodi nyingine. Zile ni za tantali, na tantali inatoka katika koltani. Bei ya koltani ilipopanda sana mwaka 2000, Kivu ilikuwa katika vita, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwaka 2001 namna madini yalivyoilisha vita ile. Sasa sisi tuliozaliwa juu ya udongo huo tunasema mashini hizi si historia yetu?

Lakini betri inasahihisha kesho tu, haisahihishi jana. Tarehe za orodha tulizitafuta kwa watu. Mama mmoja wa kikundi alisikia majina yakisomwa, akaniambia: "Mwanangu, mbegu zile tulizipanda msimu ule kabla ya maji kubeba Uvira." Mafuriko ya Uvira yalikuwa Aprili 2020. Jina la faili lilisema msimu A, na msimu A kwetu unaanza Septemba. Basi ni 2019. Tukaandika mwaka ndani ya orodha yenyewe, pasipo kutegemea saa ya mashini.

Kweli, Pentium 4 inakula umeme mwingi, na kwa pano zetu ndogo za jua si mashini ya kila siku. Hatuihitaji kila siku. Tunaihitaji iweze kufunguka, itupe ilichokishika.

Wenzangu, katika ofisi, shule na parokia zetu kuna ordinatere za namna hii zinazosubiri jalala. Kabla hamjatupa, nakilini disiki, halafu ketini na wazee muwaulize miaka. Kwenu kuna mashini gani imelala chini ya meza?