Kezilahabi, Mhakiki Aliyebishana na Mizani

Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alichapisha Kichomi, diwani ya mashairi yasiyobanwa na vina wala mizani. Katika utangulizi alijitetea mapema: mshairi ana haki ya kutumia lugha ambayo watu huizungumza. Wanamapokeo walikuja juu. Miaka ishirini kabla, Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye baadaye akawa Meya wa Dar es Salaam, alikuwa ameshaandika kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Kwa wengi, kisicho na vina na mizani hakikuwa shairi.

Shuleni tulimsoma Kezilahabi mwandishi wa riwaya. Kezilahabi mhakiki nimekutana naye uzamilini. Alizaliwa Namagondo, Ukerewe, 1944. Alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akafundisha sekondari, kisha akarudi chuoni, na mwaka 1976 akamaliza shahada ya uzamili kwa utafiti juu ya riwaya za Shaaban Robert. Kijana aliyeshutumiwa kuvunja mila alikuwa mmoja wa waliomsoma mzee huyo kwa makini.

Mimi nakaa Mchikichini. Sokoni wauza mitumba hupanda juu ya meza na kunadi: sentensi fupi, ndefu, kicheko, bei. Hakuna anayehesabu mizani, lakini mapigo kila mtu anayasikia. Hapo hoja ya Kezilahabi hunikaa vizuri kuliko maktabani.

Lakini wapinzani wake nao walikuwa na lao. Mzee mmoja mtaani kwetu bado anakariri beti alizozisikia redioni ujanani. Mimi mashairi ya Kichomi nayapenda, ila hata moja siwezi kulisema lote bila kitabu. Vina ni kamba ya kumbukumbu; anayeikata lazima atupe kitu kingine cha kushikia.

Mwaka 1985 Kezilahabi alipata udaktari Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, kwa tasnifu juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Alidai Mwafrika asisome fasihi yake kwa miwani ya kuazima. Tasnifu hiyo aliiandika kwa Kiingereza.

Baadaye alifundisha Botswana, akafariki Januari 2020. Aliyetetea lugha ya watu aliacha hoja yake kubwa kabisa katika lugha ambayo jirani zangu wengi hawaisomi. Simlaumu, ndivyo vyuo vilivyotaka. Tasnifu yangu naiandika kwa Kiswahili, na kila sura ninayomaliza namsomea yule mzee. Hajakubaliana nami bado.