Kuhama XP Haikuwa Tu Mambo ya Uvivu

Wasee, mnakumbuka kile kilima cha kijani chenye anga ya bluu na mawingu machache? Kama ulikulia karibu na saiba, hiyo picha unaijua kuliko ya Mlima Kenya. Charles O'Rear aliipiga 1996 huko California, halafu Microsoft wakaiweka kwa Windows XP, iliyotoka Oktoba 2001. Mimi nilidhani ni Limuru.

Saiba ya mtaa wetu ilibaki na XP hata baada ya Microsoft kuacha kuitunza, tarehe 8 Aprili 2014. Kuacha kuitunza si kuizima. Mashine inawaka, unaandika, unaprinti. Ila mwizi akigundua tundu jipya kwa ukuta, fundi haji tena kuliziba. Kwa hivyo watu hawakushtuka. Kitu kinafanya kazi, unakigusa cha nini?

Na hapa ndio naonanga wajuaji wa teknolojia wanatudharau, ati hatukuhama juu ya uvivu. Kwani uvivu unanunua RAM? XP ilitaka angalau megabaiti 64. Windows 7, ya Oktoba 2009, ikataka gigabaiti 1. Hiyo ni mara 16. Na kutoka XP hukuweza kupanda hadi 7 ukabaki na programu zako. Ilibidi unakili faili kando, ufute, uanze upya. Kwa mwenye saiba ya mashine kumi hiyo ni leseni, RAM, na siku kadhaa mlango umefungwa. Printa nzee nayo ikikataa kuelewana na mfumo mpya, hiyo ni bili ingine.

Lakini siwezi danganya ati kubaki kulikuwa salama. Machi 2017 Microsoft walitoa kiraka cha tundu moja la Windows. Tarehe 12 Mei, kirusi kinaitwa WannaCry kikapita kwa tundu hilo hilo, kikafunga faili za watu na kudai dola 300 kwa Bitcoin. Hospitali za umma Uingereza zikaahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Ikabidi Microsoft watoe kiraka cha XP pia, miaka mitatu baada ya kuiaga.

Sasa hii ndio sehemu watu husahau: wengi walioumia hawakuwa na XP. Walikuwa na Windows 7, ambayo bado ilikuwa inatunzwa. Kiraka kilikuwepo miezi miwili, bure, hawakukiweka. Huyo ndiye mvivu, si mwenye saiba aliyekosa pesa. Tusiwachanganye.

Nayakumbuka haya yote juu Windows 10 nayo iliachwa 14 Oktoba 2025. Safari hii mlango ni mwembamba zaidi. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa Intel, kwa kawaida, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. RAM utapata Luthuli. Prosesa ya laptopu kwa kawaida imeshikanishwa na bodi, kwa hivyo unabadilisha mashine nzima. Laptopu yangu ni ya mtumba, kizazi cha 6, na haina kasoro yoyote.

Kuna mwaka mmoja wa nyongeza, hadi Oktoba 2026: unalipa dola 30, ama unakubali mipangilio yako ihifadhiwe kwa akaunti ya Microsoft. Watu wa Ulaya walitetewa na watetezi wa wateja, wakaondolewa hayo masharti, wanaingia tu na akaunti. Sisi huku nani alituongelea?

Mimi nimenakili faili zangu kwa flashi na kuweka Linux Mint, ambayo ni bure. Wi-Fi ilishika mara moja, printa ikanisumbua jioni nzima. Ya mathe bado ni Windows 10. Amekataa niiguse hadi amalize hesabu za chama.